Kati ya skanere na mashini: siku zile za kungoja, wanapima nini?

Mama mumoja wa Kolwezi alitufikia ku gazeti mwezi uliopita. Bwana yake anatumika mu kariere, yeye mwenyewe anauzisha unga. Yaya yake ana kansere ya mulango wa kizazi, na jamaa ilichanga makuta ili kumupeleka ngambo ya mupaka kwa radioterapi. Alitueleza hivi:

« Ba papa, yaya balimuingiza mu skanere siku ya kwanza ya juma. Bakamuchora alama ku tumbo. Kisha bakamuambia: rudia kwenye munalala, tutakuita. Siku kumi sasa! Mashini iko nzima, tunayiona na macho, bengine beko naingia. Juu ya nini ye beko namungojesha? Banatafuta tubape kitu? »

Swali hili si la mama huyu peke yake. Kila siku ya kungoja ni nyumba ya kulipa, ni chakula, ni tiketi ya basi ambayo inapita tarehe. Na mutu akiisha kuamini kama wanamungojesha juu ya makuta, hatua inayofuata ni kubeba mugonjwa na kurudi naye nyumbani bila kutibiwa hata siku moja. Kwa hiyo tulimutafuta fizisieni mumoja wa radioterapi, Mukongomani mwenye kufanya kazi hiyo inje ya inchi. Alikubali kutufasiria, lakini jina lake lisitoke. Jibu lake la kwanza lilitushangaza kidogo: « Ninyi watu wa mine mungepaswa kuelewa haraka kuliko wengine wote. Ni kazi ya topografe. »

Tuanzie ku skanere. Wale wenye kutumika karibu na wajeologe wanajua modeli ya bloki: ndani ya ordinatere mulima unakatwa vipande vidogovidogo, na kila kipande kinaandikiwa tenere yake. Hiki kina shaba, kile hakina kitu, kile kingine ni udongo wa kutupa. Skanere inafanya vile kwa mwili wa mutu. Picha moja ina vipande 512 kwa 512. Picha 100 zikipangwa moja juu ya ingine, kuanzia kiuno mupaka kifua, ni vipande vinavyopita milioni 26, na kila kimoja kina namba. Maji ni 0. Hewa ni 1000 chini ya zero. Mufupa mugumu unaweza kupanda mupaka 1000 na zaidi. Namba hizo zinabeba jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza ambaye skanere yake ilipima mugonjwa wa kwanza kule London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 alipata zawadi ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mutoto wa Johannesburg, ambaye alianza kuwaza hesabu za jambo hili mu 1956 alipokuwa akitumika ku hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Watu wengi wanafikiri kama mawazo hayo yote yalitoka Ulaya. Sivyo.

Munganga anakaa mbele ya zile picha. Anachora kansere iko wapi, anachora na vitu ambavyo miale isichome: kibofu, utumbo wa mwisho, mifupa ya nyonga. Kisha wanapanga mashini. Kichwa cha mashini ya radioterapi kinazunguka kitanda sawa vile mushale wa saa, na miale yote, itoke juu ao pembeni, inapita mu nukta moja. Nukta hiyo wanaiita izosantre. Mu mashini nyingi za sasa iko santimetre 100 kutoka chanzo cha miale. Mu mashini nyingi za kobalti ni santimetre 80. Kwa kansere ya mulango wa kizazi, plani ya zamani yenye kutumika mahali pengi ina njia nne: juu, pembeni kushoto, chini, pembeni kuume. Pembe 0, 90, 180, 270. Dozi, mara nyingi, ni karibu Gray 50, lakini haitolewe yote siku moja: Gray 2 kila siku, siku 25. Gray moja ni nguvu ya joule moja ndani ya kila kilo ya nyama.

Plani sasa iko tayari. Juu ya nini wasianze kesho yake?

Kwa sababu plani ni hesabu ya ordinatere moja, na hesabu hiyo lazima ihakikishwe kwa njia ingine. Hospitali ndogo inaihakikisha na hesabu fupi ambayo mutu anaweza kufanya ku kalkulatrise. Hapa tuseme wazi, kwani tulisikia watu wakisema kama hospitali bila ordinatere kubwa haitibu: si kweli. Penye hesabu ya pili inafanywa, na penye mutu mwingine anaiangalia, kazi inafanyika. Lakini mwili una mapafu yenye hewa, una mifupa, watu wengine wana vyuma, na hesabu fupi inapotea pale. Ndiyo maana hospitali kubwa na vyuo vinatumia njia ya Monte Carlo.

Jina hilo ni la mahali pa kuchezea makuta, kule Monaco. Mu 1946 Stanislaw Ulam, mutu wa hesabu, alikuwa anapona ugonjwa, akawa anacheza karata peke yake. Akajiuliza: mara ngapi muchezo huu utafanikiwa? Akaona kama kuliko kuandika hesabu ndefu, ni vizuri kucheza mara mia na kuhesabia zile zilizofanikiwa. Alipeleka wazo hilo kwa John von Neumann, na mwenzao Nicholas Metropolis akalipa jina. Walikuwa wa kundi la Los Alamos, Marekani, mahali penye walitengeneza bomba ya atomiki. Na tunajua wenyewe uranium nyingi ya kazi ile ilitoka wapi: Shinkolobwe, hapa kwetu, si mbali na Likasi. Hata mbele ya vita, tangu 1922, mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Olen, kule Ubelgiji, kutoa radium, na radium hiyo ilitibu kansere ya Wazungu wengi. Babu zetu waliichimba bila kuambiwa ni kitu gani.

Turudie ku hesabu. Ordinatere inatupa chembe moja ya mwale kutoka mashini na kuifuata ndani ya vile vipande vya mwili. Hapa imegonga? Imegeukia wapi? Imeacha nguvu kiasi gani? Kila mara inavuta namba sawa mutu anavuta karata. Kisha inatupa chembe ya pili, ya tatu, mupaka milioni mamia. Ukitaka kosa la bahati lipunguke nusu, unapaswa kutupa chembe mara 4 zaidi. Ukitaka lipunguke mara 10, ni chembe mara 100. Ordinatere moja inaweza kuzunguka na hesabu hiyo usiku muzima, na hapo siku moja ya yule mama imeisha tayari.

Lakini fizisieni alituambia kama kutupa chembe si penye taabu iko. Taabu iko mbele yake: kuhamisha plani kutoka ordinatere ya munganga kuingia mu ordinatere ya Monte Carlo. Zote mbili zinasema juu ya mugonjwa mumoja, lakini kila moja inapima kwa namna yake.

Kila mutu aliyetumika chini ya ardhi anajua hadisi ya galeri mbili. Ekipe moja inatoboa ikitoka mashariki, ingine magaribi, wakutane katikati. Kama topografe wa huku anahesabu kutoka borne moja na yule wa kule kutoka borne ingine, kila mumoja atachimba sawasawa kabisa na plani yake, na hawatakutana. Hakuna mwenye alikosea kuchimba. Plani zenyewe hazikuwa na zero moja.

Mu mwili wa mugonjwa ni vile vile. Faili ya skanere inapima na milimetre. Programu moja yenye kujulikana sana kwa kazi hii, EGSnrc, ambayo inatunzwa na baraza la utafiti la Kanada, inapima na santimetre. Mutu akisahau, izosantre yenye iko milimetre 50 pembeni inakuwa santimetre 50, inje kabisa ya mwili. Kosa hilo ni rahisi, alisema, kwani unaliona mara moja: dozi yote inaanguka mu hewa. Makosa mabaya ni yale ambayo picha yake inabaki muzuri.

Angalieni mishale. Faili ya skanere ina mishale mitatu yenye inashikamana na mwili: wa kwanza unaenda upande wa kushoto wa mugonjwa, wa pili unaenda mugongoni, wa tatu unaenda kichwani. Mashini nayo ina mishale yake mitatu, lakini yenyewe inashikamana na chumba: wa kwanza unaenda kuume kwa mutu mwenye kuangalia mashini, wa pili unaingia upande wa mashini, wa tatu unapanda ku plafo. Mugonjwa akilala na mugongo, kichwa upande wa mashini, mushale wa kwanza ni sawa kwa wote wawili. Ule wa kichwani unakuwa wa pili wa mashini. Na ule wa mugongoni unakuwa wa tatu, lakini kinyume, kwani mugongo uko chini na plafo iko juu.

Tulimuomba mufano, akaandika ku karatasi. Tuseme nukta moja, ukiipima kutoka izosantre ndani ya faili ya skanere, iko 50, 120, na 30 chini ya zero. Ni milimetre. Ukigeuza kwa mashini na kwa santimetre inakuwa: 5, kisha 3 chini ya zero, kisha 12 chini ya zero. Maana yake ni santimetre 5 upande wa kushoto wa mugonjwa, 3 upande wa miguu, 12 chini upande wa kitanda. Tukafuata na kidole, tukaona ni kweli. Akacheka: « Sasa mumulaze na tumbo. » Hapo kushoto kwake kunaenda upande mwingine wa chumba, mugongo wake unaangalia plafo, na alama mbili zinageuka. Mumugeuze miguu upande wa mashini, alama zinageuka tena. Faili inaandika namna mugonjwa alilala siku ya skanere, lakini lazima mutu ao programu isome andiko lile na kulifuata.

Pembe nazo zina fujo yao. Mashini haizungushe kichwa tu. Kitanda kinaweza kuzunguka, na mudomo wenye kufungua mwale unazunguka pia. Mufanye hivi nyumbani: muweke telefone ku meza, muigeuze robo upande wa kuume, kisha muinue upande wake wa mbali mupaka isimame. Mwangalie. Sasa muanze tena: kwanza muinue, kisha mugeuze. Haikufika namna moja. Ni zile mara mbili, ni telefone ile ile, na matokeo si moja. Tena mu programu za namna hii mugonjwa hazunguke, vipande vyake vimekwisha kupangwa. Kitanda kikizunguka mu chumba, ordinatere inazungusha mwale kinyume, na ikizungusha mwale, ule mudomo unapinda pia, kwa hiyo pembe ya mudomo lazima ihesabiwe upya. « Watu wanakumbuka kitanda, alisema, wanasahau mudomo. »

Na kosa ambalo anaogopa kuliko yote? Kioo. Mutu ana pafu mbili, figo mbili, macho mawili, nusu ya kichwa huku na nusu kule. Ukikosea alama moja, kushoto inakuwa kuume, na picha bado ni ya mutu wa kawaida. Dozi iko ndani ya kichwa, muzuri kabisa, lakini si upande wenye kansere. Ili kukamata kosa hilo wanatumia boksi la plastiki lenye kujazwa maji, na wanatia kipande kidogo cha chuma mu pembe moja tu, mahali pasipofanana na pengine. Wanalipitisha ku skanere, wanageuza plani sawa ni mugonjwa, na wanaangalia chuma kile kinatokea wapi. Kama kimehama pembe, programu haigusi mugonjwa mupaka wajue ni sababu gani.

Kuko na kugeuza kwingine, ule wa tenere. Namba ya Hounsfield haiseme « mimi ni mufupa ». Lazima kuwe na karatasi yenye kusema: kutoka namba hii mupaka hii ni hewa, kisha pafu, kisha nyama, kisha mufupa, na uzito wake ni huu. Karatasi hiyo ni ya skanere yenyewe, si ya skanere ya jirani. Na chuma kinaharibu karatasi yote. Hapa tunawaambia wachimbaji waziwazi: kama ulipata aksida mu mine na walikutia chuma mu muguu, mu nyonga ao mu mugongo, useme mbele ya skanere, hata kama ni zamani, hata kama hakuna mwenye alikuuliza. Chuma kinatupa mistari ya uongo mu picha, na ordinatere inaisoma sawa mufupa ao hewa. Hata kitanda kinahesabiwa: kitanda cha skanere si kile cha mashini, kwa hiyo wanafuta kimoja mu picha na kuweka kingine, kwani miale yenye kutoka chini inapoteza kidogo ikikipita.

Mutu atasema: hizi ni hesabu za wasomi, alama tu ku karatasi. Tuwakumbushe Panama. Kati ya 2000 na 2001, ku hospitali ya kansere ya inchi ile, walitibu na mashini ya kobalti na waliweka vipande vya risasi kwa kukinga nyama nzuri. Programu yao ilikubali vipande 4 tu. Waganga walitaka 5. Wakapata ujanja: kuchora vipande vyote sawa ni kimoja kikubwa chenye tundu katikati. Ukichora tundu lile ukizungusha upande moja, hesabu ilitoka sawa. Ukizungusha upande mwingine, ordinatere ilitoa muda karibu mara mbili, na haikulia, haikuonyesha neno lolote. Wagonjwa 28 walipata dozi ya kupita kiasi, na wamoja walikufa juu ya hiyo. Mashini ilikuwa nzima. Hesabu fupi ya pili, ya mukono, ingeonyesha kama muda ule hauwezekane, lakini haikufanywa.

Kwa hiyo wanapoweka hesabu mbili moja pembeni ya ingine, tofauti ya asilimia 1 ao 2 haiwasumbue. Asilimia 5 inawasimamisha: tangu 1976 sheria ya kazi hiyo mu dunia inasema dozi yenye kufika mu kansere isiachane zaidi ya hapo na ile iliyoandikwa. Wakisimama, wanarudia kutafuta: ni zero, ni mushale, ni pembe, ni chuma? Inaweza kula siku mbili, tatu. Na kama fizisieni ni mumoja kwa hospitali nzima, wagonjwa wanapanga musitari mbele ya mutu huyo, si mbele ya mashini. Hiyo pia tuiseme, kwani kungoja kwingine hakutoke ku hesabu. Kunatoka ku upungufu wa watu, na mugonjwa ana haki ya kuambiwa ni kupi.

Neno moja la pembeni, kwani wachimbaji wanatuuliza kila mara: kobalti ya mashini si ile ya mufuko wenu. Ile ya ardhi ni kobalti 59, haitoe miale. Inaingizwa mu reakta na kutoka kobalti 60, ambayo nguvu yake inapunguka nusu kila miaka 5 na miezi mitatu. Kama mawe yenu yana uranium ndani, hilo ni jambo lingine, tutaliandika siku yake.

Tulimuita yule mama na kumusomea sehemu kubwa ya maneno haya ku telefone. Alituachia tumalize, kisha akauliza neno moja tu: « Yaya amekonda tangu skanere. Plani iko ya mwili wa zamani? » Hatukuwaza hilo. Tukamupigia fizisieni, akasema ni swali la maana sana: mutu akikonda, ngozi inasogea na alama zinasogea nayo, na inaweza kuomba skanere mupya. Mugonjwa aseme, asifiche akiogopa kurudishwa nyuma. Na alama za wino asizisugue akioga.

Mama alituma ujumbe siku nne kisha. Yaya alisema kama amekonda. Walimupima tena, wakaona bado inaenda na plani. Siku ya kwanza walimupiga picha pale pale ku mashini, wakalinganisha mifupa yake na ile ya skanere, wakasogeza kitanda kidogo. « Bamuanzisha leo. Dakika kumi tu, Ba papa. Bakiki 24. »